Kozi za maabara: majina yanafanana, kazi hazifanani

Kila mwaka matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, simu za wazazi hujaa mabango ya vyuo. Kijana amevaa koti jeupe, ameinamia hadubini, na pembeni yake imepangwa orodha: Maabara, Famasi, Bioteknolojia, Sayansi ya Chakula, nafasi bado zipo, wahi. Mzazi ambaye mwanawe amepata C ya Biolojia na D ya Kemia anaona ni yale yale: mtoto atasoma sayansi, atapata kazi ya maabara. Anaangalia ada, anaangalia kama chuo kiko karibu na shangazi atakayemhifadhi mtoto, fomu inajazwa.

Tatizo huanzia hapo. Kozi hizo zinaelekea kwenye kazi tofauti kabisa, na baadhi ya kazi hizo hazigusiki bila kusajiliwa na baraza la taaluma, hata cheti chako kiwe kimejaa A. Ndiyo maana nashauri uchaguzi uanzie mwisho. Jua kwanza kazi unayoitaka, kisha ujue usajili ambao kazi hiyo inaudai, kisha utafute kozi inayokubalika kwa usajili huo. Chuo kije baadaye. Nitazungumzia zaidi Tanzania, na kuigusa Kenya pale taratibu zinapofanana.

Chukua mfano ambao huwachanganya wengi. Kuna stashahada ya sayansi ya maabara za afya, inayotolewa na vyuo vya afya vya serikali, vya mashirika ya dini na vya binafsi. Kuna pia stashahada ya sayansi na teknolojia ya maabara, inayotolewa na vyuo vya ufundi kama Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST). Zote ni ngazi ya 6 katika mfumo wa tuzo za kiufundi, NTA 6. Zote huchukua miaka 3 kwa aliyetoka kidato cha nne. Zote zina kemia, zina biolojia, zina koti jeupe. Kwenye picha ya mhitimu aliyesimama mbele ya mashine huwezi kuzitofautisha.

Lakini wa kwanza ndiye anayeandaliwa kusajiliwa na Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007, na ndiye mwenye haki ya kupokea damu ya mgonjwa, kuipima na kuweka sahihi kwenye majibu. Kwenye matangazo ya ajira za serikali nafasi yake huitwa Mteknolojia wa Maabara. Wa pili huitwa Fundi Sanifu Maabara. Utamkuta kwenye maabara ya maji, kwenye kiwanda cha vinywaji, kwenye maabara za vyuo vikuu, kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Kazi yake ni ya heshima na soko lake lipo. Kuna viwanda vingi vinavyomhitaji yeye kuliko yule wa hospitali, na hapangi foleni kusubiri kibali cha ajira cha Wizara ya Afya. Balaa ni pale anapodhani amesomea kazi ya hospitali, akamaliza miaka 3, akaenda kuomba usajili, ndipo akaambiwa kozi yake si ya huko.

Shahada nazo zina mtego huo huo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shahada ya biolojia ya molekuli na bioteknolojia. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, kina shahada ya bioteknolojia na sayansi ya maabara. Ni programu nzuri, na wahitimu wake wapo kwenye utafiti mkubwa ndani na nje ya nchi. Hata hivyo, mtu asidhani kwamba kwa kuwa ana shahada, na shahada ni kubwa kuliko stashahada, basi ataingia maabara ya hospitali kwa urahisi kuliko dogo wa diploma. Baraza la taaluma huangalia mtaala uliosomea, na ukubwa wa cheti haufuti mtaala. Kama nia yako ni hospitali na unafikiria shahada ya namna hii, andika barua pepe kwa baraza husika kabla ya kuthibitisha nafasi, uombe jibu la maandishi. Jibu la mdomo kutoka kwa mtu wa udahili wa chuo halina uzito, kwa sababu si yeye anayesajili.

Njia rahisi ya kujua haya yote mapema ni kusoma matangazo ya kazi wakati bado huna cheti. Ingia kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, tafuta nafasi unayoiota, hata kama tangazo limeshapita muda. Soma kipengele cha sifa za mwombaji neno kwa neno. Tazama elimu inayotakiwa, jina la kozi lilivyoandikwa, na kama kuna maneno ya kusajiliwa na baraza fulani. Fanya hivyo kwa matangazo kadhaa ya taasisi tofauti: hospitali ya rufaa, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), Shirika la Viwango, mamlaka ya maji, taasisi ya utafiti, kiwanda. Utakuta jina moja la kozi linajirudia na jingine halionekani kabisa. Huo ni ushahidi mzito kuliko bango lolote.

Sasa tuzitazame kazi zenyewe, maana mtu hawezi kuchagua asichokijua.

Kazi ya maabara ya hospitali ni kazi ya kurudia kwa uangalifu. Tuchukue kipimo cha malaria kwa hadubini. Unatandaza tone la damu kwenye slaidi, moja nene na moja jembamba. Unaliacha likauke, kwa sababu ukiliharakisha juu ya moto unaharibu picha. Unalitia rangi ya Giemsa. Ukitumia ya asilimia 10 unasubiri kama dakika 10, ukitumia ya asilimia 3 unasubiri kwa nusu saa au zaidi. Unaosha taratibu. Unaweka mafuta, unatazama kwa lenzi kubwa, na kabla ya kuandika kwamba hakuna vimelea lazima uwe umepitia angalau sehemu 100 za tone lile. Vikiwepo, unavihesabu ukilinganisha na chembe nyeupe za damu. Halafu slaidi inayofuata. Nje kuna mama amembeba mtoto mwenye homa, na daktari anasubiri karatasi yako ndipo aandike dawa. Kijana asiyevumilia kukaa na kitu kimoja kwa umakini namna hiyo atateseka, hata kama alikuwa wa kwanza darasani.

Kazi hiyo pia inabadilika. Kwenye zahanati nyingi kipimo cha haraka cha malaria kimechukua nafasi ya hadubini, na kifua kikuu sasa hupimwa kwa mashine ya GeneXpert, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipitisha Desemba 2010. Mteknolojia wa leo hutumia muda mwingi kusimamia mashine, kufanya vipimo vya udhibiti wa ubora kila asubuhi, kuandika kumbukumbu za joto la jokofu, na kufuatilia vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, visiishe wala visipitwe na muda. Hilo lilitiliwa mkazo Kigali mwaka 2009, pale nchi za Afrika zilipokubaliana juu ya programu ya kuzipandisha maabara hatua kwa hatua kwa kuzipa nyota, kuanzia 0 hadi 5, kuelekea ithibati ya kimataifa ya ISO 15189. Swali zuri la kuuliza chuo ni hili: wanafunzi wenu huenda kufanya mafunzo kwa vitendo kwenye maabara zipi, na maabara hizo zina nyota ngapi au ithibati gani? Mwanafunzi aliyekaa miezi kadhaa kwenye maabara iliyopangika huondoka na mikono na tabia ambayo darasani haifundishwi.

Famasi ina baraza lake, Baraza la Famasi, chini ya sheria ya mwaka 2011, na hapo habari ni nyepesi zaidi kwa sababu jina la kozi na jina la kazi vinakaribiana. Mwenye shahada hupitia utarajali wa mwaka 1 kabla ya kusajiliwa kamili, kama ilivyo kwa wenye shahada ya maabara za afya. Jambo la kujiuliza ni kama unataka kukaa dirishani na wagonjwa au kukaa kiwandani, maana wengi hufikiria la kwanza peke yake.

Na kiwandani ndiko watu hawaangalii vya kutosha. Nenda Kibaha uone. Hapo kuna kiwanda cha viuadudu vya kibaiolojia kilichozinduliwa mwaka 2015 kwa teknolojia ya Cuba, kinachozalisha bakteria wanaoua viluwiluwi vya mbu. Hapo hapo Kibaha, Wakala ya Maabara ya Veterinari hutengeneza chanjo za mifugo: kideri kwa kuku, kimeta na chambavu kwa ng'ombe. Kuna viwanda vya dawa za binadamu Kibaha na Dar es Salaam. Kote huko kuna mitungi mikubwa ya kukuzia vijidudu, maji yanayosafishwa kwa viwango vikali, vyumba ambavyo hewa yake huchujwa, na maabara ya udhibiti ubora ambako kila toleo la dawa hupimwa kabla ya kutoka. Mtu huchukua vidonge, anaviyeyusha kwenye maji ya joto la mwili, anachukua sampuli kila baada ya dakika kadhaa na kuziingiza kwenye mashine kuona dawa imetoka kwa kiasi gani. Kila hatua inaandikwa kwa wino, na ukikosea huruhusiwi kufuta: unapiga mstari mmoja, unaandika lililo sawa, unaweka sahihi yako na tarehe. Mkaguzi wa TMDA akija, anasoma makaratasi kabla ya kutazama mashine. Tanzania ilitambuliwa na Shirika la Afya Duniani mwishoni mwa 2018 kuwa nchi ya kwanza Afrika kufikia ngazi ya 3 ya ukomavu katika udhibiti wa dawa, na udhibiti wa namna hiyo unavilazimisha viwanda kuajiri watu wanaojua kuandika walichokifanya.

Kwa hiyo kama mtoto wako ni mpangilifu, anapenda kemia na hapendi kukaa na wagonjwa, usimlazimishe hospitali. Stashahada ya sayansi na teknolojia ya maabara, bioteknolojia au sayansi ya chakula inaweza kumfaa zaidi. Muulize tu mwalimu wa chuo mambo mawili: je, mnafundisha kanuni za uzalishaji bora, na je, mashine ya HPLC, ile ya kupimia kiasi cha dawa kwenye sampuli, mnayo na wanafunzi wanaiendesha wenyewe au wanaitazama ikiendeshwa? Tena ajue kwamba taaluma ya kemia nayo ina sheria yake tangu 2016, Sheria ya Wanakemia Wataalamu, kwa hiyo upande huu pia una usajili wake wa kuulizia. Upande wa mifugo kuna Baraza la Veterinari, na Wakala wa Mafunzo ya Mifugo, LITA, una stashahada ya teknolojia ya maabara ya veterinari. Ni kozi ambayo haiimbwi sana, ilhali nchi hii ina mamilioni ya ng'ombe na kuku.

Hapa niweke tahadhari kuhusu kozi zinazouzwa kwa ahadi ya kiwanda kinachokuja. Baada ya UVIKO-19 Umoja wa Afrika ulijiwekea lengo kwamba kufikia 2040 asilimia 60 ya chanjo zinazotumika barani zitengenezwe barani. Machi 2022 kampuni ya Moderna ilitangaza kwamba itajenga kiwanda Kenya kwa hadi dola milioni 500. Aprili 2024 ikatangaza kwamba mpango huo umesitishwa, kwa sababu mahitaji ya chanjo ya UVIKO-19 barani yalikuwa yameshuka. Kijana aliyeanza stashahada ya miaka 3 mwaka 2022 kwa sababu ya habari ile, angekuwa bado darasani habari ilipogeuka. Upande wa pili, BioNTech walizindua majengo yao Kigali Desemba 2023, na Kenya ina kampuni ya Universal Corporation ya Kikuyu, ambayo dawa yake ya SP ya kuzuia malaria kwa wajawazito ilipata idhini ya ubora ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2022. Viwanda vinakuja kweli, ila haviji kwa ratiba ya mwanafunzi. Chagua kozi ambayo ina mahali pa kukuajiri leo, na ambayo kiwanda cha chanjo kikija itakufaa pia. Ujuzi wa kukuza vijidudu, kupima ubora na kutunza kumbukumbu unafaa kwenye bia, maziwa, dawa ya ng'ombe na chanjo ya binadamu.

Utafiti ndio upande unaowavutia vijana wengi wenye shahada, na nawaelewa. Bagamoyo, Taasisi ya Afya Ifakara ilikuwa miongoni mwa vituo 11 katika nchi 7 za Afrika vilivyofanya jaribio kubwa la chanjo ya malaria ya RTS,S kati ya 2009 na 2014. Korogwe walikuwamo pia, na Kilifi, Siaya na Kombewa upande wa Kenya. Chanjo iliyofuata, R21, ilijaribiwa tena Bagamoyo na Kilifi, na Oktoba 2023 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza. Yaani watoto wanaochanjwa leo wanafaidi kazi ya vijana wa Pwani waliokuwa wakipita nyumba kwa nyumba, wakichukua damu, wakiitenganisha kwa mashine, wakiipanga kwenye majokofu ya nyuzi 80 chini ya sifuri, wakijaza fomu na kuzikagua. Najivunia sana hilo.

Jaribio moja kama hilo huajiri watu wa aina nyingi: mteknolojia aliyesajiliwa, mfamasia, muuguzi, mtu wa data, mtu wa kulea mbu kwenye nyumba ya wadudu, dereva, mhamasishaji wa jamii. Baadhi ya kazi hizi hufundishwa kazini tu. Morogoro, ndani ya SUA, shirika la APOPO huwafundisha panya kunusa kifua kikuu kwenye makohozi. Panya mmoja hupitia sampuli 100 ndani ya dakika 20, na zile anazozionyesha huthibitishwa maabara. Hakuna stashahada ya kufundisha panya. Aliyeajiriwa pale alikwenda na msingi mzuri wa biolojia, mengine akayapata humo humo.

Kinachodaiwa karibu kila mahali kwenye utafiti wa binadamu ni cheti cha kanuni bora za majaribio ya kitabibu, kifupi chake GCP. Ni mafunzo ya saa chache, na yanapatikana bure mtandaoni kupitia The Global Health Network. Kwa hiyo akitokea mtu anakuuzia semina ya GCP kwa laki kadhaa, muulize anaongeza nini. Jambo jingine la kulijua ni kwamba kazi za utafiti hufuata fedha za mradi. Mkataba ni wa mwaka 1 au 2, ukiisha unaomba upya. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, watu wengi wa maabara, data na ufuatiliaji kwenye miradi ya VVU na kifua kikuu, Tanzania na Kenya, waliachwa bila kazi ndani ya wiki chache. Wenye usajili wa baraza walikuwa na pa kukimbilia: hospitali binafsi, maabara za mitaani, famasi. Wasiokuwa nao walipata shida zaidi. Kwa sababu hiyo, kijana anayependa utafiti lakini hana nyumbani pa kumshikilia akikosa mshahara miezi 6, mimi ningemshauri aanze na taaluma yenye usajili, kisha aingie utafiti kupitia mlango huo.

Tuje kwenye chuo. Kuna mambo matatu ambayo watu huyachanganya: chuo kusajiliwa, chuo kuwa na ithibati, na programu yenyewe kuidhinishwa. Chuo kinaweza kuwa na usajili halali wa NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu ya ufundi, huku kozi mpya waliyoitangaza juzi haijaidhinishwa. Kila mwaka NACTVET hutoa kitabu cha mwongozo wa udahili, kinapatikana bure kwenye tovuti yao, kikionyesha kila chuo, kila programu, sifa za kuingia, nafasi na ada. Tafuta jina la chuo, halafu tafuta jina la programu chini yake. Isipokuwepo, acha. Kwa kozi za afya uliza vilevile kama baraza la taaluma linawatambua wahitimu wa chuo hicho. Kenya jambo hili liko wazi zaidi: bodi ya KMLTTB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1999, huidhinisha vyuo vya maabara za tiba na kumpa kila mwanafunzi namba akiwa bado chuoni. Anayesoma chuo kisichoidhinishwa hapati namba hiyo, na bila namba hakuna mtihani wa leseni. Mzazi wa Kenya aulize namba ya mwanafunzi itatoka muhula gani, na asiridhike na jibu la "baadaye".

Kisha nenda chuoni ukaone kwa macho, siku ya kazi, si siku ya mahafali. Omba kuona maabara ya vitendo. Hesabu hadubini zinazofanya kazi, uliza darasa lina wanafunzi wangapi. Hadubini 8 kwa wanafunzi 120 maana yake mtoto wako atatazama kwa zamu ya dakika mbili tatu, na atamaliza chuo akiwa amesoma vimelea kwenye picha. Fungua kabati la vitendanishi kama watakuruhusu, soma tarehe za mwisho wa matumizi. Rangi ya Giemsa iliyopitwa na muda miaka 2 inakueleza mengi kuhusu ratiba ya vitendo. Muulize mwanafunzi wa mwaka wa tatu, ukiwa naye peke yake, ametoa damu kwa mikono yake mara ngapi. Chuo kizuri hakiogopi maswali haya, na nimeona vyuo vidogo vya mikoani, karibu kabisa na hospitali ya misheni, vikiwashinda vya mjini vyenye majengo ya vioo, kwa sababu wanafunzi wao huvuka uwanja tu na kuingia wodini.

Kuhusu fedha, ada ya kwenye tangazo si gharama yote. Piga hesabu ya bima, sare, koti, mitihani, kitabu cha kumbukumbu za vitendo, nauli na chumba wakati wa fildi, maana chuo kinaweza kuwa Dodoma na fildi ikawa Singida. Ongeza ada ya usajili wa baraza baada ya kuhitimu. Habari njema ni kwamba tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo inatoa mikopo kwa wanafunzi wa stashahada pia, na fani za afya zimo kwenye vipaumbele. Wengi vijijini bado wanaamini mkopo ni wa chuo kikuu tu, wanauza shamba kabla ya kuuliza.

Usisahau ngazi ya kupandia. Mfumo wa NTA humruhusu mtu wa ngazi ya 6 kuomba shahada, akiwa na namba ya uhakiki wa tuzo, AVN, kutoka NACTVET, na GPA inayokubalika kwa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu. Hivyo GPA ya stashahada ina maana kubwa kuliko vijana wanavyodhani. Anayesema atafanya vizuri akifika digrii huenda asifike. Kwa wanaofikiria Ghuba, Dubai, Muscat au Doha, mamlaka za afya za kule huhakiki vyeti moja kwa moja kutoka chuo kilichovitoa na baraza lililokusajili, na kwa kawaida hutaka uzoefu wa kazi baada ya kusajiliwa. Chuo kisichojibu barua au kilichofungwa kitakuponza ukiwa tayari una ofa mkononi.

Na kama umeshamaliza shahada ya biolojia au bioteknolojia na uko nyumbani? Kozi fupi zinaweza kukusaidia, ila chache. GCP ni ya lazima kama unataka majaribio ya kitabibu. Uchambuzi wa data kwa programu ya R, ambayo ni ya bure, una soko hata mradi ukifa. Bayoinfomatiki, yaani kuchambua taarifa za vinasaba kwa kompyuta, ni nzuri kwa mwenye subira na kompyuta inayoeleweka: Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, kina shahada ya uzamili ya fani hiyo, na mtandao wa H3ABioNet ulianza mwaka 2016 kufundisha kozi ya utangulizi katika nchi nyingi za Afrika kwa pamoja. Mafunzo ya epidemiolojia ya nyanjani (FELTP), yaani kufuatilia na kuchunguza milipuko ya magonjwa, yaliyoanza Kenya 2004 na Tanzania 2008, yanawalenga waliokwisha ajiriwa kwenye afya au mifugo, kwa hiyo yaweke akiba. Vyeti vya wiki mbili vyenye majina marefu na muhuri wa dhahabu, ambavyo havionekani kwenye tangazo lolote la kazi, viache.

Ukienda kujitolea kwenye taasisi ya utafiti au kiwandani, omba barua inayotaja kazi utakayofanya na muda wake, na uwe na daftari unaloandika kila kipimo ulichofanya mwenyewe, tarehe na mashine uliyotumia. Mwombe msimamizi asaini kila mwisho wa mwezi. Wakati wa usaili watu 40 watasema wanajua PCR, kipimo cha kutambua vinasaba. Wewe utafungua daftari.